Masinde wa Kimilili: Sauti ya Mlimani Iliyofungwa Kisiwani

Dawa ya deni ni kulipa. Msomaji mpenzi, deni langu mimi si la fedha, ni la kalamu. Na deni la kalamu ni zito kuliko la dukani, kwa kuwa mwenye kudai huenda amekwisha kufa na wewe ungali unaandika.

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa kijana mwenye haraka katika kazi hii ya magazeti, nilipewa kona ya ukurasa niijaze visa vya kuchekesha. Siku moja nikaokota mahali habari ya mtu mmoja wa bara, Elijah Masinde, aliyetiwa hospitali ya vichaa ya Mathari wakati wa mkoloni, na miongoni mwa makosa yake ilitajwa kwamba alikataa amri ya kung'oa magugu. Nikaiandika kwa mistari kama thelathini, nikaitia chumvi, nikaifunga kwa mzaha. Watu walicheka, nami nikacheka nao.

Haikupita juma moja, akaja afisini mzee mmoja Mbukusu, mchukuzi wa bandarini Kilindini. Hakupiga kelele wala hakutaka aombwe radhi gazetini. Aliketi, akavua kofia, akaniuliza kama nimepata kuushika udongo wa Kimilili kwa mkono wangu. Nikamwambia la. Akaniuliza tena kama najua mtu yule, baada ya kutolewa Mathari na kukamatwa mara ya pili, alipelekwa wapi. Nikamwambia sijui. Akanitajia mahali pamoja tu: Lamu. Kisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Ubao wa kwanza nilioandika alifu na be niliushika pale, na utendi wa kwanza niliuhifadhi pale. Tulipokuwa watoto tuliwasikia wazee wakiwataja watu wa bara waliowekwa kisiwani na serikali, nasi tukadhani ni wezi wa ng'ombe. Siku ile nikajiona kama mtu aliyemcheka msafiri njiani, asijue kwamba msafiri huyo alilazwa kwao kwa nguvu, na hakuna hata mmoja wa kwao aliyemuuliza jina.

Miaka ikapita, kama ipitavyo. Mwisho nikafunga safari ya Kitale na Bungoma, nikautazame mlima aliousemea mtu huyu, na udongo alioulizia mzee wa bandarini. Haya ninayoyaeleza leo ndiyo malipo yangu, kadiri ya uwezo wangu.

NCHI ILIYOGAWANYWA KWA KAMBA

Anayetoka pwani akafika Kitale kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: baridi ya alfajiri, na upana wa mashamba ya mahindi. Upande wa magharibi unasimama Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Si mlima wa kuchongoka kama Kenya au Kilimanjaro. Ni mlima mpana, umelala kama ng'ombe aliyeshiba, na kilele chake kirefu kabisa, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Kutoka mlima huo na kutoka milima ya Cherangani, upande wa mashariki, hutiririka maji yanayoufanya mto Nzoia, ambao hupita Webuye na kwenda kumwagika katika Ziwa Viktoria. Hivyo mti ukikatwa Elgon, anayeupata msiba ni mvuvi asiyepata kuuona mti huo.

Ardhi ya Trans Nzoia ina historia ya watu wengi. Wasabaoti, Wabukusu, Wapokot na wengineo, kila mmoja ana lake la kusimulia kuhusu malisho na makaburi ya nchi ile. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Kiingereza iliikata vipande ikawagawia walowezi, wengi wao askari waliotoka vitani. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Wale waliokuwa wakilisha mifugo yao pale wakageuka kuwa maskwota: watu wanaoruhusiwa kulima kijishamba na kufuga ng'ombe wachache, kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye hati. Kwa upande wa pili, Kimilili na sehemu nyingine za Bungoma ya leo, zilikuwa katika eneo walilotengewa Waafrika. Humo watu wakazidi kuongezeka na ardhi ikabaki ile ile. Huku shamba la bwana mmoja halimaliziki kwa macho, kule ndugu watatu wanagawana konde moja la baba yao.

Huko ndiko alikozaliwa Elijah Masinde, baina ya mwaka 1910 na 1912. Siku hizo mtoto alihesabiwa kwa mvua na kwa njaa, si kwa kalenda.

MPIRA, MISHENI NA MAHAKAMA

Wengi wanaomtaja Masinde humwanzia kwenye unabii. Mimi nitamwanzia mpirani, maana ndiko alikoanza kujulikana. Alikuwa mchezaji hodari, nahodha wa timu ya Kimilili, na hutajwa kwamba mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Mashindano hayo yalianza mwaka 1926 baina ya nchi hizo mbili, nayo ndiyo mzizi wa kombe la Afrika Mashariki na Kati la baadaye. Kwa hiyo kijana huyu alikwisha kuzoea kushangiliwa na halaiki kabla hajasimama kuihubiri halaiki hiyo.

Alilelewa pia katika kanisa la Marafiki, wale Wakweka waliotoka Marekani na kujenga misheni yao ya kwanza Kaimosi mwaka 1902. Kanisa lilimfunza kusoma, likamfunza Biblia na nyimbo za ibada. Lakini alipooa mke wa pili, njia zao zikaachana. Akapata kazi katika baraza la wenyeji, ya kupeleka hati za kuitwa mahakamani. Tafakari kazi hiyo, msomaji. Mtu anapita nyumba hadi nyumba amebeba karatasi za serikali, na kila anapobisha hodi anaona uso ukibadilika. Anajua nani ameshtakiwa kwa kodi, nani kwa mpaka wa shamba, nani kwa mbuzi aliyeingia pasipo ruhusa. Hakuna shule iliyoweza kumfunza hali ya nchi yake kuliko ile.

Kabla hujaendelea nami, ni lazima nikueleze jambo moja la Wabukusu, kwani bila hilo Masinde hafahamiki. Kwao Mungu ni Wele, na waliokufa hawako mbali: roho za mababu zipo karibu na walio hai, nazo ndizo zinazotajwa katika neno msambwa. Zamani uani mwa mzee kulikuwa na kibanda kidogo kiitwacho namwima, mahali pa kuwakumbuka waliotangulia. Na udongo wenyewe una heshima yake. Kijana anapotiwa jandoni, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, hupelekwa mtoni alfajiri akapakwa tope mwili mzima, kisha husindikizwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye, umati ukimzunguka. Anasimama mbele ya kisu amevaa udongo wa kwao. Mtu aliyefanywa mwanamume kwa tope la mto, huwezi baadaye kumwambia kwamba ardhi ni karatasi tu iliyo katika kabati la Bwana DC.

Katika miaka ya arubaini Masinde na wenzake, miongoni mwao Joash Walumoli, walianzisha Dini ya Msambwa. Ilichanganya Biblia waliyoisoma misheni na ibada za mababu. Ilikuwa na sala, ngoma na nyimbo, na Sayuni yake haikuwa nchi ya mbali bali ilikuwa juu ya Mlima Elgon. Wafuasi walipanda mlima kuomba kama wengine wapandavyo meli kwenda kuhiji. Mlima ambao katika vitabu vya serikali ulikuwa msitu wa kuhesabiwa magogo, kwao ulikuwa msikiti, kanisa na makaburi kwa pamoja.

MAGUGU NA MAKINGAMAJI

Sasa tufike kwenye yale magugu niliyoyachekea.

Katika miaka ya thelathini nchi ya Marekani ilipatwa na balaa la vumbi. Nyanda zilizolimwa bila mpango zikakauka, upepo ukanyanyua udongo ukaupeleka angani, na maelfu ya wakulima wakahama na watoto wao. Balaa hilo lilimtoa mwimbaji maarufu, Woody Guthrie, aliyezaliwa mwaka 1912, rika moja na Masinde wetu. Aliuimba msiba wa vumbi kwa gitaa lake, na mwaka 1940 nyimbo hizo zikatiwa katika santuri. Lakini vumbi lile lile lilizaa pia jambo jingine ng'ambo ya bahari. Maafisa wa Kiingereza katika Afrika ya Mashariki waliingiwa na hofu kwamba nasi tutageuka jangwa, wakatoa amri juu ya amri: chimbeni makingamaji, punguzeni mifugo, msilime kando ya mto, ng'oeni magugu.

Nataka niwe mkweli hapa. Amri hizo si zote zilikuwa mbaya. Udongo wa mteremkoni kweli huchukuliwa na mvua, na kingamaji kweli huuzuia. Mkulima yeyote wa Bungoma leo atakwambia hivyo. Ubaya ulikuwa katika mkono ulioamrisha. Mwenye konde moja aliambiwa aache kazi yake akachimbe kwa lazima bila ujira, huku akitishwa faini na jela. Na ng'ambo ya mpaka wake aliiona ardhi pana, nyingine haijaguswa jembe, iliyo mali ya mtu mmoja. Udongo wake ulichoka kwa sababu alisongamana, naye alisongamana kwa sababu nchi nyingine ilifungwa. Aliyemfungia ndiye aliyekuja kumlaumu kwa kuuchosha udongo.

Juu ya hayo vilikuja Vita Vikuu vya Pili. Tangu mwaka 1942 serikali iliruhusu vijana kuchukuliwa kwa lazima kufanya kazi, pamoja na kazi za mashamba ya walowezi. Chifu alitakiwa kutoa idadi ya watu kama atoavyo magunia.

Na lile gugu lenyewe lilikuwa jambo la ajabu. Lina maua madogo ya manjano na harufu kali, na Waingereza huliita kwa jina la Mexico, ingawa asili yake ni Amerika ya Kusini. Mababu wa Masinde hawakulijua. Watu wakaamrishwa kupoteza siku zao kung'oa mmea mgeni katika ardhi waliyobakishiwa. Masinde akakataa. Mwaka 1944 akaongoza ukaidi katika Kimilili: wa magugu, wa kazi ya lazima, wa amri za machifu. Akashtakiwa kwa kuwashambulia watumishi wa serikali. Wakubwa walipomsikiliza akisema kwamba Wazungu warudi kwao na kwamba mababu wa mlimani wana amri kuliko Bwana DC, hawakuona hoja ya kujibiwa; waliona ugonjwa. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari.

Wallahi, hapo ndipo ninapoona haya. Mkoloni alimwita mwendawazimu ili asilazimike kumjibu. Nami, miaka hamsini baadaye, nchi ikiwa huru, nikalirudia neno lile lile bure, bila hata kulipwa na mkoloni.

KUTOKA CHETAMBE HADI LAMU

Watu wa kwao hawakunyamaza. Walidai arudishwe, na mwezi wa Mei 1947 akafunguliwa. Aliyedhaniwa kwamba atarudi amenyong'onyea alirudi na nguvu mpya. Mwezi wa Septemba mwaka huo aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, juu ya kilima kinachotazamana na Webuye.

Nilipanda kilima hicho. Nyasi ni ndefu na upepo ni mwingi, na chini yaonekana mabati ya mji. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya boma lao pale kujihami na jeshi lililoongozwa na Mwingereza Hobley. Boma lilivunjwa na wengi wakauawa kwa bunduki. Watu wale walikuwa hawajaliliwa ipasavyo. Masinde aliwakusanya wajukuu na watoto wao, wakachinja mnyama, wakaomba, wakaimba, wakawalilia wafu wao baada ya miaka 52. Serikali iliona maandamano ya uasi. Mimi, nikiwa nimesimama pale, niliona matanga yaliyocheleweshwa.

Mwezi wa Februari 1948 mambo yakachafuka. Huko Malakisi umati wa wafuasi ulikabiliana na polisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa mwezi huo huo, na yeye na viongozi wenzake wakahamishwa mbali na kwao. Yeye akaletwa Lamu.

Nimejaribu kuiona safari ile kwa macho yake. Mtu wa baridi ya Elgon anashushwa katika joto la pwani, katika mji wa mawe ambao vichochoro vyake havipitishi gari. Mlima hakuna, kilicho juu kabisa ni mchanga wa Shela. Udongo wa kulima ni haba na maji ya kisima yana chumvi. Asubuhi anasikia adhana, lugha ya mawaidha haielewi, na bahari imemzunguka pande zote kama ukuta usiohitaji askari. Mkoloni alikijua vizuri kisiwa chetu kwa kazi hiyo. Miaka michache baadaye Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, ilifanywa kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Sisi twajisifu kwa milango yetu ya nakshi na tenzi zetu. Ni kweli, tuna haki. Lakini tuseme pia kwamba mji wetu mzuri ulikuwa jela ya wenzetu.

Kumwondoa Masinde hakukumaliza jambo. Huko nyuma, katika Kimilili na katika mashamba ya Trans Nzoia, moto uliwaka: makanisa, shule, nyumba na ghala za walowezi zilichomwa, na wafuasi wengi wa dini hii wakahukumiwa. Dini ikavuka ikaingia kwa Wapokot, ikahubiriwa na Lukas Pkiech. Aprili 1950 huko Kolloa, Baringo, Pkiech na watu wake walipambana na kikosi cha serikali. Maafisa wa Kizungu wakauawa, na Wapokot wengi wakauawa, Pkiech mwenyewe akiwa miongoni mwao.

Hayo ya moto sitayafunika. Aliyechoma shule aliwachoma watoto wa jirani yake elimu yao, hakumchoma Gavana. Mtu aweza kudai haki na akadhulumu katika kuidai. Wako wazee wa Bungoma hadi leo wanaomkumbuka Masinde kwa hofu, si kwa mapenzi, na hofu yao nayo ni historia.

UHURU HAUKUMFUNGUA

Kutoka Lamu alihamishiwa Marsabit, mlima mwingine wenye msitu, lakini katikati ya jangwa. Hakurudi kwao hadi mwanzo wa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa unabisha hodi. Mtu angedhani sasa atapumzika. La hasha! Serikali mpya ilikuja na bendera mpya, lakini swali la Masinde lilikuwa lile lile: ardhi ni ya nani, na nani mwenye haki ya kuamrisha mbele ya makaburi ya watu? Mwaka 1968 dini yake ikapigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Mwafrika. Sehemu kubwa ya utawala wa Mzee Kenyatta aliipitisha kifungoni. Mwaka 1978 Rais Moi akamwachia, na haukupita muda mrefu akarudishwa ndani. Akafariki mwaka 1987, akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi, ambaye tawala tatu zilimwona hatari, na hakuna hata moja iliyojua la kumfanya ila kumfungia mlango.

Na ile ardhi? Baada ya 1963 mashamba mengi ya Trans Nzoia yalinunuliwa na kugawanywa, na Wabukusu wengi walivuka wakawa wenyeji wa Kitale. Mji huo ndio makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956, na kituo chake cha utafiti ndicho kilichotoa mwaka 1964 ile mbegu chotara ya mahindi namba 611, iliyobadili chakula cha nchi nzima. Ni neema kubwa, siibezi. Lakini konde lililolimwa mahindi kila mwaka, na kugawanywa kwa wana na kwa wajukuu, huchoka kama lilivyochoka konde la mwaka 1944. Tofauti ni kwamba leo hakuna Bwana DC wa kumlaumu.

Katika makumbusho ya Kitale kuna kipande cha msitu wa asili kilichohifadhiwa, na njia ya kupita kwa miguu chini ya miti mikubwa. Nilipita humo adhuhuri moja. Ndani palikuwa na kivuli na ubaridi, na vijito vilisikika. Nilipotoka nje ya ua, jua likanipiga kichwani. Nikafahamu, bila kuambiwa na nabii yeyote, kwamba nchi yote ile ilipata kuwa hivyo.

NILICHOKIKUTA KIMILILI

Kimilili nilikaribishwa kwa mzee mmoja apigaye litungu, kile kinubi cha Wabukusu chenye nyuzi saba. Masinde hakuacha kitabu wala hakuacha santuri. Guthrie wa Marekani ana nyimbo zake zimehifadhiwa, mtu aweza kuzisikiliza Mombasa leo akipenda. Za wafuasi wa Masinde zilibaki kooni mwao, na koo huzikwa. Yaliyohifadhiwa vizuri juu yake ni mafaili ya polisi na ya madaktari. Yaani habari za mtu zimetunzwa na waliomfunga.

Mzee akaimba. Lugha siijui, mjukuu wake akanifasiria. Haukuwa wimbo wa vita. Alikuwa akiitaja mito, mmoja baada ya mwingine, Kuywa, Kibisi, Malakisi, Nzoia, na vijito vidogo visivyo kwenye ramani yangu, kila kimoja na ukoo ulioteka maji yake. Alipomaliza, mjukuu akaniambia kwamba baadhi ya vile vijito siku hizi hukauka kila Januari, na kwamba babu yake huvitaja ili visisahaulike. Nami, ambaye kazi yangu ni kupanga mizani na vina, nilikaa kimya. Nimeghani mashairi ya mapenzi na ya harusi, ya siasa na ya maombolezo. Sijapata hata siku moja kutunga ubeti wa kukitaja kisima cha kwetu kilichotitia.

Kisha nikauchukua udongo wa pale kwa mkono, kama nilivyoulizwa zamani na mzee wa bandarini. Ni mwekundu, na ukiwa na maji hushika vidole hautoki. Nikaukumbuka ule uliokuwa mwilini mwa vijana alfajiri ya jando.

Sasa niseme ninachokiamini, nawe msomaji unihukumu. Masinde hakuwa mtaalamu wa misitu wala wa kilimo, na mengi aliyoyasema yalikuwa ya imani yake na ya hasira ya zama zake. Lakini alilijua jambo moja ambalo wataalamu wa siku zake hawakulijua: kwamba huwezi kumfanya mtu aipende ardhi kwa kumchapa juu ya ardhi hiyo. Uhifadhi unaokuja na kiboko huondoka na kiboko. Siku askari wa msitu anapolala, shoka huamka. Anayeutunza mlima ni yule auonaye kuwa ni wake na wa wafu wake na wa watoto wake watakaokuja.

Wala jambo hili halikuzikwa naye. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, na mwaka 2023 ikatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Amri ikaja, amri ikaenda, na wanaoishi chini ya mlima hawakuwa ndio washauri wakuu. Upande wa Uganda wa mlima huo huo, Machi 2010, mteremko wa Bududa ulioachwa bila miti uliporomoka kwa mvua ukafukia watu na nyumba zao. Na huko Chepkitale, juu ya Elgon, Waogiek walitolewa katika nchi yao kwa jina la hifadhi, wakaishtaki serikali. Mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi ya Bungoma ikawapa haki. Mahakama ya Bungoma! Mji ulio karibu na pale ambapo Masinde alibeba hati za kuwaita watu barazani. Laiti angalikuwa hai aione hati inayokwenda upande wa pili.

Basi namaliza kwa kuomba mambo mawili. La kwanza, walio na wazee Kimilili, Webuye, Malakisi, Kitale na Kapenguria, wakae nao jioni wazinase nyimbo zile kabla hazijazikwa. Leo simu ya mkononi inatosha, haihitajiki studio. La pili nawaomba watu wa kwetu Lamu. Tunao ukumbusho wa masharifu na wa washairi, nao wanastahili. Palipo na jiwe la ziada, tuwaandikie na hawa walioletwa kwetu kwa pingu: kwamba walikuwapo, kwamba walikuwa na majina, na kwamba kosa la mmoja wao lilikuwa kuusemea mlima.

Na mistari yangu ile thelathini ya miaka ya tisini naiondoa. Elijah Masinde hakuwa kichekesho. Mzee wa bandarini, popote ulipo, udongo nimeushika. Deni limepungua, kwisha, bado halijaisha.